Asumini ya Kigwa

Katika kikundi chetu cha bustani hapa Chemchem tuna sheria moja isiyoandikwa: mgeni hatoki mikono mitupu. Kila mwezi tunakwenda kwa mwenzetu mmoja, tunasikiliza somo, tunazunguka bustani yake, kisha kila mtu anakata kitawi cha mmea alioupenda akakipande kwake. Mwenyeji akikunyima, huyo si mwenzako tena.

Mwezi ule tulikwenda Kigwa, kwa mwanachama anayefuga nyuki. Mizinga yake ilining'inia mitini, nyuma tu ya maboga. Alitufundisha kwamba boga halishiki bila nyuki, halafu akatuonya: "Akitua mwilini mwako, mwache atembee aende zake. Ukimponda, harufu yake inawaita wenzake wote." Mimi nilikuwa napiga soga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baada ya somo niliona asumini uani. Nikamtuma jirani yangu, rafiki wa miaka mingi, anikatie kitawi, maana yeye ana mkono. Akigusa mche haufi. Alikuwa amepiga magoti kwenye shina pale nyuki alipotua shingoni mwangu. Nikampiga kofi. Kwa hasira, si kwa woga. Ndivyo nilivyo, kinachonigusa nakipiga.

Walishuka wote. Mbuzi aliyefungwa karibu na mizinga alijirusha mpaka kamba ikamkaba, akaanguka, nao wakaendelea kumchoma. Watu walikanyagana. Nilikuwa wa kwanza kufika jikoni, na alipoingia mtu wa sita nikausukuma mlango, nikatia komeo.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Dada, nifungulie! Dada!"

Nikauegemea kwa mgongo. Mwenyeji alinivuta, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Alinizaba kofi, akanitupa kwenye masufuria, akajifunika gunia lililolowa maji, akatoka na kijinga cha moto. Alirudi akimburuta jirani yangu kwa miguu. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, na kile kitawi bado amekikamata mkononi.

Alipona, ila jicho la kushoto halioni. Nilimpelekea uji hospitali kila siku. Siku moja akaniuliza, "Dada, ulijua ni mimi?" Nikamwambia kulikuwa na kelele, sikujua. Akanywa uji wake. Kitawi nilikipanda, kikashika.

Miezi ikapita, zamu ikafika kwangu. Alikuja na wenzake. Walipomaliza kukata vitawi vyao, yeye alikuwa bado amesimama mbele ya asumini, ambayo ilishaanza kutoa maua. Akauliza tena, mbele ya watu.

"Ulijua ni mimi?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya.

"Nilijua."

Aliishika kwa mikono miwili, akaing'oa na mizizi yake, akanichapa nayo usoni. Mara tatu, mara nne. Udongo uliniingia machoni, mdomo ukapasuka. Nilishusha mikono nisijikinge. Hakuna aliyemzuia, na mimi sikutaka azuiwe.

Kisha akaikunja ndani ya kanga yake, akawaaga wote isipokuwa mimi, akaenda kuipanda kwake. Sasa imepanda ukuta wake mpaka juu ya dirisha. Naiona kila asubuhi nikifagia uwanja.