Viatu vya Jirani Hospitalini

Mama mkwe wangu alikuja mjini kutoka kijijini Kipsing juu ya lori la mbuzi, macho mekundu yakimchuruzika machozi. Mimi nilikuwa bibi arusi mpya. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Bulla Pesa, kwenye ploti yenye mfereji mmoja wa maji uani. Nikampeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, yeye na shuka lake la vumbi na akala za tairi miguuni. Waliokuja nyuma yetu, wenye viatu vya ngozi, waliitwa mbele yetu. Mchana tukaambiwa turudi kesho.

Jirani yangu, mke wa karani wa serikali, alicheka aliposikia.

"Pale wanaangalia miguu kabla ya macho," akasema, akatuletea viatu vyake vya kisigino na mkoba mweusi.

Kesho yake mama alitembea kama ngamia kwenye tope, akinishika bega na kuniambia kwa Kiborana nisimchekeshe. Lakini ujanja ulifaulu.

"Karibu, mama, kaa hapa," muuguzi alimwambia, na punde si punde tukawa mbele ya daktari.

Daktari alimgeuza kope. "Ni trakoma, ugonjwa unaopofusha. Dawa ya bure imekaribia kuisha, nyinyi mtanunua duka la dawa. Na unawe uso kwa maji safi, asubuhi na jioni."

Kumbe kuonekana tajiri nako kuna hasara yake. Mama akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na tumbaku tu.

"Daktari, hii kiatu ni ya jirani. Hata hii mkoba. Yangu ni macho tu. Na kwetu maji iko mbali, kwanza mbuzi inakunywa. Mimi nikinawa, nani akae na kiu?"

Daktari alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Akatoa tyubu moja ya dawa kwenye droo.

Mama alikaa kwangu mpaka macho yakatakata. Aliupenda ule mfereji kuliko alivyonipenda mimi. Wapangaji wakawa wananung'unika. Kisha akarudi kwa mifugo yake.

Kiangazi kilipofika, akashuka tena kwenye lori, macho mekundu vilevile.

"Si dawa ilikuponya?" jirani akamuuliza.

"Dawa ilikuwa nzuri. Maji ndiyo ilikataa kupanda lori na mimi."

Tulimwomba ahamie mjini. Akasema mbuzi wake hawajui kupanga chumba. Jicho la kushoto lilizimika kabla sijazaa mtoto wangu wa pili, na kwa lile lililobaki aliendelea kukagua namna ninavyochemsha chai.