Aliyeitikia Salamu Yangu Point

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Jumapili mchana, nikiwa sijanywa kitu kikali kuliko chai. Nasema mchana makusudi, kwa sababu watu wa kwetu wakisikia habari za wafu huuliza kwanza, "Ilikuwa usiku?" Haikuwa usiku. Kulikuwa na manyunyu na mwanga wa kutosha kusoma Biblia. Ukitaka kuniita mwongo, niite baada ya kusikia mwisho.

Ninaishi Point, hapa Durban, katika ghorofa moja la zamani karibu na bandari. Chumba nagawana na Désiré, Mrundi wa Rumonge anayenyoa watu saluni. Mimi ni Mkongomani wa Kalemie, mji wa bandari kando ya ziwa, nauza kava za simu, nina miaka arobaini na kitu, na tangu ujana miguu yangu haijui kutulia. Jumapili nikitoka kanisani siwezi kukaa chumbani. Lazima nitembee.

Na Point kuna pa kutembea. Ukishuka kuelekea majini utakuta maghala ya kale ya matofali mekundu yaliyojengwa na Wazungu, halafu mfereji mpana uliochimbwa katikati ya majumba mapya, na madaraja madogo juu yake. Ukisimama mahali panapofaa, picha inatoka kana kwamba uko katika mji wa kale wa Ulaya, kando ya mto. Wengi wetu tumepiga picha pale na kuzituma nyumbani bila kueleza zaidi. Mama anawaonyesha majirani, majirani wanasema mtoto amefika Ubelgiji. Nani atakataa?

Lakini mimi sikuwa naenda kwa ajili ya Ulaya. Nilikuwa naenda kwa ajili ya yale matofali. Wakati ule yalikuwa yananikumbusha bandari ya kwetu.

Siku hiyo Désiré aliniona navaa koti, akacheka. "Unaenda Ulaya tena?"

"Naenda."

"Niletee chokoleti. Ila usirudi na Kalemie yako, tafadhali. Ile njia ya kutoka bandarini mpaka kwenu naijua kuliko njia ya kwetu Rumonge."

Nikamwambia atajuta siku nikinyamaza. Nikatoka.

Nilitembea kando ya mfereji, nikapita nyuma ya maghala, mahali ambapo jengo moja la zamani lilikuwa linageuzwa kuwa fleti. Kazi ilikuwa imesimama, vyuma vimezunguka ukuta. Pale chini ya ukuta alisimama mwanamke wa makamo, amevaa nguo nyeusi, ameshika tawi la mti wenye miiba. Alikuwa anaongea polepole kwa Kizulu, macho yameelekea ardhini. Kisha akageuka, akaanza kuja upande wangu, bado anaongea na mtu nisiyemwona.

Wewe ungefanyaje? Kwetu, kumpita mtu mzima bila salamu ni kumtukana. Nikasema, "Sawubona, mama."

Hakujibu. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akanikazia macho, akatingisha kichwa, akabana midomo. Kitu kikanichoma. Miaka yote hii katika nchi ya watu, hata salamu? Nikasema kwa lugha yetu, kwa hasira kidogo, "Basi jambo, mama! Salamu nayo imekuwa dhambi?"

"Jambo sana, ndugu."

Sauti ya mwanaume. Ilitoka nyuma yake.

Alikuwa amesimama karibu na ukuta, mtu wa umri wangu, amevaa ovaroli ya bluu na buti za kazi. Na ile sauti, niamini, ilikuwa sauti ya kwetu kabisa. Siyo ya Bukavu, siyo ya Lubumbashi. Ya kwetu.

"Unatoka Kalemie!" nikasema.

"Njo kule," akasema, kwa ile "ndiyo" ya kwetu. "Na weye?"

Sikumwangalia tena yule mama. Nilisikia tu hatua zake zinasimama, halafu zinaondoka haraka. Mimi nilikuwa nimeshampata wangu.

Tulitembea pamoja. Alijiita Kabwe. Aliniuliza kama gari la moshi linafika bado, kama ziwa limekula nyumba za ufukweni, kama watu wanakaanga samaki pale pale. Nikamjibu yote niliyoyajua. Kuna furaha ya mtu kuulizwa habari za kwao na mtu anayezijua, siwezi kukueleza. Nilipomwomba anipigie picha mbele ya daraja, aliweka mikono nyuma. "Mikono yangu haishike tena, ndugu," akasema. Nikadhani aliumia kazini. Tena manyunyu yalikuwa yananilowesha kichwa, na ovaroli yake ilikuwa kavu. Niliona. Kwa nini sikuuliza? Nilikuwa naongea.

Tulipofika kwenye robot, taa za barabara kubwa, akasimama. Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, yeye akabaki.

"Twende, kaka."

"Hapa sipite mwenyewe. Mpaka mutu aniambie."

Nikacheka. "Haya, mzee, ninakuambia. Tunavuka!"

Akavuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa kamba, akavuka ubavuni mwangu.

Hatukuwa tumefika mbali niliposikia kelele. Yule mama wa tawi alikuwa anakuja mbio upande wa pili, machozi yanamtoka, mdomo umefungwa. Nyuma yake bibi mmoja mnene, amejifunga shali kichwani, alikuwa anapiga kelele kwa niaba yake.

"Wewe, bhuti! Wewe kaka! Ulimsemesha!"

"Nilimsalimia tu, gogo," nikasema, kama bibi anavyoitwa huku.

"Ulimsalimia! Hawu! Mtu ameshika umlahlankosi, wewe unamsalimia? Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu alinifundisha kusalimia."

Alikaribia kunipiga kibao. Kisha akaona sura yangu, akaelewa kwamba sijui kitu, akanieleza huku anahema, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu. Yule alikuwa Mama Thandi, mtoto wa dada yake. Mume wake alianguka kutoka kwenye ule ukuta na kufa. Mwili walizika, lakini roho bado iko mahali alipoangukia. Lazima ifuatwe kwa tawi lile la umlahlankosi, iambiwe kila njia panda na kila daraja, ilipiwe nauli kwenye taxi, mpaka nyumbani. Anayebeba tawi haongei na mtu mwingine yeyote. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu wa ukoo wa mume, lakini ukoo wake uko Kongo, hakuna aliyekuja. Kwa hiyo mke alibeba.

"Na sasa haji," gogo akasema. "Tawi limekuwa jepesi mkononi mwake. Mtoto wake haoti kitu usiku ila baba amekaa kwenye mvua. Leo tulisema anafika. Wewe ukapita na mdomo wako."

Niliuliza jina la marehemu, ingawa miguu yangu ilishajua.

"Kabwe," akasema.

Nikageuka taratibu. Alikuwa bado pale kando yangu, anamwangalia mke wake kama mtu anayemwangalia mwenzake aliye ng'ambo ya maji. Wale wanawake wawili waliangalia pale nilipoangalia mimi, na hawakuona kitu.

Sikukimbia. Ningekimbilia wapi, na mimi ndiye niliyemvusha? Nikamwuliza, "Kaka, huyu mwenye tawi ni bibi yako?"

"Njo yeye."

"Mbona humwendei?"

"Ananiita muzuri. Lakini nilisikia ya kwetu, nikageuka." Akaniangalia. "Utanipeleka kwetu?"

Nitakuambia ukweli: nilitamani kusema ndiyo. Nilitamani akae chumbani kwangu, tuongee kila jioni. Lakini Mama Thandi alikuwa amelibana tawi lake la miiba, damu inatoka vidoleni.

"Mimi mwenyewe sijafika kwetu miaka mingi," nikamwambia. "Njia sina. Mtoto wako anakungoja. Enda na bibi yako."

Akaangalia viganja vyake. "Siwezi kuingia mikono mitupu, bila hata kidogo ya kwetu. Ile yangu inafutika. Nipatie ya kwako."

"Chukua," nikasema. "Chukua yote."

Nilidhani anataka maneno tu. Nani asingedhani hivyo?

Nilimwambia gogo kwamba anakuja, tukapanda taxi ya Umlazi, basi dogo la kwenda kwao. Mama Thandi alikaa dirishani, tawi likapewa kiti chake, mimi nikakaa upande wa pili wa tawi, gogo akalipa nauli ya kiti kile pia. Dereva aliona, akazima muziki. Kijana mmoja aliyetaka kukaa akaomba samahani, "uxolo", akarudi nyuma. Hakuna aliyecheka nilipoanza kuongea Kiswahili na kiti kitupu. "Tunavuka daraja, kaka. Tunaacha mji. Tunakata kushoto." Na katikati ya madaraja nilimpa nilichomwahidi: nilianza getini bandarini nikapanda naye kwa maneno, polepole, mpaka uani kwa mama. Nilimsikia anashusha pumzi kila nilipotaja kitu. Na kila aliposhusha pumzi, mimi nilihisi wepesi kifuani, kama mtu anayetua mzigo. Nilidhani ni faraja.

Nyumbani kwao watu walikuwa wametulia mlangoni. Mama Thandi aliingia na tawi, akalilaza juu ya mkeka mwisho wa chumba, ndipo akafungua mdomo na kulia kwa sauti. Mtoto, Thandi, alipiga magoti. Baba yake alikuwa amemfundisha neno moja la lugha yetu, akalisema: "Karibu."

Kutoka pale mkekani nilisikia, "Aksanti, mwanangu." Sikumwona tena.

Miezi imepita. Mama Thandi anasema mtoto analala vizuri, tena ndotoni baba anamtembeza katika mji ulio kando ya ziwa kubwa, anamwonyesha nyumba moja baada ya nyingine. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini. Kwa sababu ule usiku niliporudi Point, Désiré aliniuliza, "Haya, Ulaya ilikuwaje? Anza, gari la moshi likaingia…" Nikafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Najua jina la mji. Najua nilizaliwa pale. Sura ya mama ninayo, lakini nyuma yake hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna njia. Hata matofali ya Point sasa ni matofali tu.

Désiré alidhani ninatania. Alipoona sitanii, alikaa kitandani kwangu, akaniambia yeye. Na kila Jumapili ananiambia, yule Mrundi ambaye hajawahi kukanyaga kule. Anasema ukitoka getini unavuka reli, unapita tanuru la mkate, unapanda mlima, kuna mpera umeinama barabarani, halafu mlango wa bluu ambao haufungi vizuri. "Hapo ndipo kwenu," anasema. Ninamsikiliza kama mgeni anayesimuliwa mji wa watu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayeishi mbali na kwenu. Ukikutana na mtu ameshika tawi na midomo imefungwa, mpishe, usimsalimie, hata kama mama yako alikufundisha vingine. Na ile njia ya kwenu uliyonayo kichwani, mwambie mtu aliye hai. Mwambie leo, mchoshe nayo, mpaka aijue kuliko ya kwao. Mimi bila Désiré nisingekuwa na pa kutoka.