Mkwe Wangu Alinizaba Kibao Mbele ya Kamera

Admin, nifichie jina na kijiji, maana huku milimani tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, nalima karoti na kabichi huku juu ya Lushoto. Kuandika kwenye simu si kazi yangu, mtanivumilia.

Mwaka jana walikuja watu wa televisheni kutoka Dar kupiga picha za tamthilia ya enzi za Mwingereza. Ilihusu kikosi maalumu cha polisi kilichokuwa kinapita vijijini kukamata watu waliokataa kuchimba matuta ya lazima ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Mimi nikapewa nafasi ya mama mkorofi anayegoma. Wenzangu wakacheka, wakasema hapo huigizi, hapo ni wewe mwenyewe. Usajenti wa kikosi akapewa kijana mmoja wa Lushoto mjini anayejua sana kuigiza, naye ni mume wa binti yangu wa kwanza.

Kwa msiotoka huku, niwaeleze. Kwetu Wasambaa mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Tangu amuoe binti yangu, kijana huyo hajawahi kula na mimi. Tukikutana njiani anapisha pembeni, anasema "Shikamoo mama" macho yako chini. Kunigusa ni mwiko, sembuse kunipiga! Ndiyo maana mapema kabisa nilimwomba mwongozaji asitukutanishe kwenye picha, akakubali. Sehemu za mwanzo zikarushwa, mtaa mzima tukajazana kwa jirani kujitazama, raha tupu.

Baadaye mwongozaji akaja na jipya. Sajenti anikamate mwenyewe na kunizaba kibao. Nikakataa. Akasema, "Mama yangu, haya ni maigizo tu. Hapa hakuna mkwe, kuna polisi na mhalifu."

"Mwanangu," nikamwambia, "kaptula ya kaki haimwondolei mtu ukwe. Tafuta polisi mwingine anipige, hata wakiwa wawili sina neno."

Akasema sawa, sajenti atasimama nyuma atoe amri tu. Mkwe wangu alikuwepo, akaitikia kwa kichwa.

Siku ya kupiga picha nikavaa kaniki yangu, nikashika jembe, polisi wawili wakanishika huku na huku. Naitukana serikali ya Mwingereza kwa raha zangu, ghafla sajenti akanisogelea, akanikamata bega, akanizaba kibao cha kweli. Sikio likavuma. Kumbe walikuwa wameshapanga nyuma yangu, wanishtukize ili uso wangu uonyeshe uhalisia! Na mimi sikungoja kuambiwa. Nikajinasua, nikamrudishia cha kwangu, kofia ya sajenti ikaangukia kwenye kabichi. Nikatupa jembe nikaenda nyumbani, mwongozaji ananiita sigeuki.

Na hawakuona haya, wakairusha vilevile. Wazee wa ukoo walipoiona walikasirika, na wote waliowaazima watu wa televisheni mashamba na nyumba wakawafukuza. Tamthilia ikafia sehemu ya nne. Sasa sokoni wananinyooshea vidole, eti huyu ndiye aliyewanyima vijana kazi.

Bibi yangu alinisimulia habari ya askari wa Mwingereza mwenyewe, wa kipindi kile kile cha matuta, aliyetumwa kumkamata mama mkwe wake. Alikataa kumgusa. Wakamvua mkanda mbele ya watu, akarudi kulima. Yule alikuwa na Mwingereza halisi nyuma yake. Huyu wangu alikuwa na kamera.

Kwa mila zetu, alitakiwa aje na wazee wake na mbuzi, aombe radhi, yaishe. Nimengoja. Siku tuliyokutana gulioni akanitazama usoni, akasema, "Mama, mimi nilikuwa kazini. Sitozwi mbuzi kwa sababu ya kazi yangu." Mara ya kwanza kunitazama hivyo tangu nimfahamu, jamani.

Sasa mwongozaji anataka kurudi kuimalizia. Wazee wamesema watatoa ruhusa nikitamka tu kwamba nimesamehe. Binti yangu akaja analia. "Mama, mume wangu anashinda nyumbani hana kazi. Tamka tu. Mbuzi na ndoa yangu, kipi kizito?"

Nikamjibu, "Ndoa yako sijaigusa. Aliyeguswa ni mimi."

Akambeba mjukuu wangu akaondoka, mpaka leo hajakanyaga kwangu, na nikipiga simu hapokei. Inaniuma sana, sitawadanganya. Yule mtoto nilimzoea, nikipika najikuta nalia peke yangu. Lakini nikifuta machozi nabaki pale pale. Nikisamehe bila kuombwa, kesho mkwe gani atamheshimu mama gani huku? Wakwe wengine wanaangalia, nao wana mikono.

Ndugu zangu, niende kutamka msamaha nimpate binti yangu, au ningoje radhi yangu hata kama mjukuu atakua hanijui? Nishaurini, nifanye nini? Matusi nitayavumilia. Ila wewe unayetaka kuniandikia kwamba yalikuwa maigizo tu, nenda kwanza kamzabe kibao mama mkwe wako, kisha urudi hapa uniambie alicheka kiasi gani.