Siku Niliyocheza na Korongo Mbele ya Mama Mkwe

Najua mtacheka tu, kwa hiyo chekeni, mimi mwenyewe nikiwa peke yangu barabarani huwa nacheka mpaka watu wa baiskeli wananipisha wakidhani akili imeniruka. Lakini siku yenyewe sikucheka. Siku yenyewe niliomba ardhi ipasuke inimeze, nayo ikakataa, na nikabaki nimesimama pale pale na aibu yangu yote nje.

Mimi ni karani wa shule hapa Kamina, kazi yangu ni kugonga mihuri na kuita wazazi, na mwaka ule mzima kila Jumamosi nilikuwa natoka mjini na baiskeli na simu yangu kwenda porini kupiga video za wanyama. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na kinyonga mmoja kwenye ua wa jirani, nikamwonyesha Béa, mchumba wangu, akasema anataka kuona mwingine, nikatafuta mwingine, na hapo ndipo ugonjwa uliponiingia. Nilipiga kenge akila mayai, nikapiga ngedere wakiiba mahindi (mwenye mahindi akanifukuza mimi, ngedere akawaacha), nikapiga video ndefu ya mamba ambaye baadaye nilikuja kujua ni gogo, na mpaka leo sijaifuta kwa sababu hakuna mnyama aliyewahi kunitulia vizuri kama lile gogo.

Ila moyo wangu wote ulikuwa kwa korongo wawili, wale wenye taji la dhahabu kichwani, waliokuwa wanakaa kwenye dambo nyuma ya mashamba ya mihogo. Dambo ni bonde la majimaji na nyasi ndefu, kwa hiyo nilikuwa narudi nyumbani nimelowa kila Jumamosi. Niliwaona wakicheza, maana korongo wanacheza kweli, wanainamiana, wanatanua mabawa, wanaruka juu kama watu waliosikia ngoma. Nikawaona wakijenga kiota, nikaona mayai. Sasa vifaranga vya korongo havina subira, vikishatoka kwenye yai havikai, vinawafuata wazazi wao nyasini na huvioni tena. Jioni moja nikaona yai moja limeanza kupasuka. Na kesho yake, katika siku zote ambazo Mungu ameumba, ndiyo ilikuwa siku ya familia yangu kwenda kumposa Béa.

Hapo lazima niwaeleze habari ya mama yake Béa. Baba yake ni askari mstaafu wa base ya jeshi, mtu anayecheka upesi, huyo hakunipa shida. Mama ndiye hakunitaka, na hakulificha jambo hilo. Alikuwa amemwambia Béa, "Mwanaume mwenye anafuatafuata ndege mu pori, batoto atabalea namna gani?" Na pale kwao neno la mama likikataa, limekataa, wazee hawana la kuongeza. Tena sisi Waluba mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humtazami usoni, hupiti naye njia moja, ukimwona anakuja mbele unajitupa majanini mpaka apite. Akuone bila nguo? Hilo halina hata jina. Ni afadhali uhamie nchi nyingine.

Kwa hiyo nilimwahidi Béa kwamba siku hiyo nitakuwa mtu wa suti, si mtu wa ndege. Lakini safari ya kwao ilikuwa mchana, na asubuhi nilikuwa nimekaa bure, nimeshaoga, nimeshavaa, viatu vinang'aa, nikajiambia napita dambo mara moja tu, naangalia, narudi. (Mara moja tu. Mtu akikuambia maneno hayo, mfunge kamba.) Nilipofika nikaogopa kuchafua suti, basi nikaivua, nikaitundika kwenye mti pamoja na shati, viatu nikavipanga chini yake vizuri, nikabaki na chupi. Juu ya chupi nikavaa vazi langu la kujifichia, chandarua cha zamani nilichokishonea nyasi kuanzia kichwani hadi magotini, ambalo ukilala nalo chini ndege wanakuona kichaka. Nikatambaa mpaka karibu na kiota, nikaisimamisha simu kwenye kijiti, nikatulia.

Jamani, kifaranga cha kwanza kilikuwa kimeshatoka. Kina manyoya ya rangi ya uji, kinayumba, kinaanguka, kinaamka. Cha pili kilikuwa kinachungulia kwenye yai. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka ndani ya chandarua.

Ndipo nikasikia sauti za wanawake wawili njiani. Walikuwa wamekuja kutoa mihogo waliyokuwa wameloweka kwenye maji, waende wakaandae bukari, yaani ugali wa wageni, na wageni wenyewe ndio sisi. Wa kwanza kuongea alikuwa Tantine Mujinga, mdogo wake mama Béa.

"Yaya, angalia. Nguo ya muntu iko hapa, mwenyewe haiko."

Na yaya mwenyewe, yaani dada yake mkubwa, mama mkwe wangu mtarajiwa, akajibu kwa sauti ndogo, "Na viatu bado bipya. Huyu muntu alishazama."

Niambieni mngefanya nini. Nikiitika, natoka na chupi mbele ya mama mkwe. Nisipoitika, nimekufa maji. Nikachagua kufa. Sitawadanganya, nusu ilikuwa heshima na nusu ilikuwa kile kifaranga cha pili, ambacho sasa kilikuwa kimetoa mguu mmoja. Mama Béa ni Mmethodisti kamili, haachi maiti hivi hivi, akaanza kuniombea pale pale ukingoni. Akaomba roho yangu ipokelewe, akaomba mama yangu apate faraja, akaomba kama nina mchumba asilie sana. Na wakati ananiombea, nikahisi kitu kwenye kifundo cha mguu.

Nilikuwa nimelala juu ya njia ya siafu. Wanaowajua siafu wanajua tabia yao, hawaumi wakifika, wanapanda kwanza kimya kimya, wanakaa kila mahali, ndipo mmoja anatoa amri. Amri ilitoka. Waliniuma mapajani, kwapani, nyuma ya masikio, na mimi nimeng'ata mkono wangu nisitoe sauti, na sala inaendelea, sasa imefika kwa wajomba zangu. Ningevumilia mpaka amina. Ila siafu mmoja akaingia mahali ambapo siwezi kupataja mbele yenu, na wenzake wakamfuata.

Niliruka. Nikainama, nikaruka tena, nikarusha mikono, nikazunguka, nikapiga mguu chini. Na wale korongo, ambao mwaka mzima walikuwa hawajawahi kunijali, wakanitazama, wakatanua mabawa, wakaanza kucheza. Mmoja akainama upande huu, mwenzake akaruka upande ule, mimi katikati. Sasa jiwekeni mahali pa mama Béa, uko katikati ya kumwombea marehemu, unafumbua macho, unaona kichaka kinacheza na ndege wawili. Tantine Mujinga alitupa beseni, akakaa chini. Halafu chandarua kikanasa kwenye kijiti, kikachanika chote, nikabaki mimi na chupi, nayo wala haikuwa ile nzuri.

Mama Béa alinitazama mara moja. Kisha akageuka, akajifunika kitenge kichwani, akaondoka, mihogo akaiacha majini. Tantine alikuwa analia kwa kucheka. Alinirushia suruali huku ameangalia pembeni, akasema, "Vaa, mukwe. Kwanza toa bile bidudu." Simu niliikuta imelala kifudifudi. Ilikuwa imerekodi matope, na juu ya matope sala yangu ya mazishi tangu mwanzo. Kifaranga cha pili sikukiona kikitoka, wote walikuwa wameshaingia nyasini.

Mchana nilikwenda kwa kina Béa kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Uso umevimba, sikio moja kubwa kuliko lingine, kukaa siwezi, nikasimama nyuma ya viti nikisema ni heshima. Mjomba wangu Banza alinisifu vizuri sana, akasema huyu kijana ni mtulivu, hana vurugu, na kule jikoni nikasikia Tantine anakohoa vibaya. Nilimtazama Béa, naye ananitazama bila kuelewa, nikaona kabisa ninavyompoteza, na moyo ukaniuma kuliko siafu wote.

Wazee wakamwuliza mama. Alikuwa amekaa ametugeuzia mgongo, akamnong'oneza mdogo wake, na Tantine akasimama, amejikaza uso, akasema yaya anaomba kuku moja ya kusafisha macho. Wajomba wakatazamana. Mjomba Banza akauliza, macho ya nani, na yameona nini? Nikasema haraka kuku atakuja, hata wawili. Basi mjomba akauliza, na jibu lenyewe je?

Hapo mama Béa akaongea mwenyewe, bila kugeuka.

"Siafu ilimukula mwili muzima, na alinyamaza, juu mimi nisipate haya. Mukwe wa heshima namna hii nitamutoa wapi? Bamupatie Béa."

Vigelegele vikapigwa, Béa akafunika uso, wajomba wakapiga makofi bila kujua siafu gani. Na mimi nikainamisha kichwa kama mtu wa heshima, na habari ya kifaranga cha pili nikaimeza, na imekaa humo humo.

Sasa tumeoana. Ndege bado nawafuata, hilo sitawadanganya kwamba nimeacha, ila nimeapa kutovua hata kofia nikiwa porini, suruali nazivaa mbili na chini nazifunga kwa kamba. Na kabla sijatoa baiskeli, nasimama mlangoni na kumwuliza mke wangu kama mama yake leo analima upande gani.