Mfereji Niliouacha Nje ya Ramani

Nakumbuka siku moja ya masika, mjukuu wangu, nilipokuwa nazunguka mtaa wa chini ya boma na karatasi mkononi, najiona mtu wa maana kuliko wote Arusha.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Mji wenyewe ulikuwa boma, maduka machache, na nyumba za udongo za maaskari na wachuuzi. Choo kilikuwa kichaka, uniwie radhi. Bwana daktari wa boma alichoshwa na watu kuharisha, akaagiza kila nyumba ichimbiwe choo cha shimo. Mabomba ya kupeleka uchafu mbali hayakuwepo, kwa hiyo kila shimo ilibidi litafutiwe mahali pake. Mimi nilikuwa nimesoma misheni kule Akheri, najua kuchora, basi kazi ya ramani nikapewa mimi.

Nilichora siku mbili. Nyumba zote, njia zote, na alama kumi na mbili za mashimo, zimenyooka utadhani maaskari kwenye gwaride. Pale nilipoyapanga palipita mtaro mkavu, umejaa nyasi. Sikumwuliza mtu. Nikasema huu umekufa, nikauacha nje ya ramani.

Kumbe ulikuwa mfereji, umefungwa tu kwa ajili ya masika. Na mimi ni mtoto wa migombani, nimekua nikizibua mifereji ya kwetu kila mwaka! Hata leo naona haya kukusimulia.

Sasa sikia. Mfereji ule ulishuka hadi nyumbani kwa bibi yako. Tulikuwa tumekwisha kuchumbiana, na kwao kiangazi chote walikunywa maji yake. Zilibaki siku nne uchimbaji uanze.

Mama yake akapata habari. Lakini kwa desturi yetu ya wakati ule, mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni wala kusemeshana. Unadhani alinyamaza? Thubutu! Alikuja hadi nilipokuwa nimeketi, anavuta mbuzi kwa kamba, akanipa mgongo, akaanza kuzungumza na mbuzi.

"Wee mbuzi, kuna kijana anachora vizuri sana. Amepanga vyoo juu ya maji yangu. Mtu anayetunywesha vinyesi, mimi nitampaje binti yangu?"

Mbuzi akala nyasi.

Nilikesha nikiogopa, maana ramani ilikuwa imekwisha kukubaliwa, na kiboko cha boma nilikijua. Lakini kumkosa bibi yako niliogopa zaidi. Asubuhi nikaenda kwa bwana daktari, nikamwambia ramani yangu ina kosa. Akakunja uso, akauliza nani amesema.

"Mama mkwe wangu, bwana," nikajibu. "Alimwambia mbuzi."

Mzungu yule alicheka hadi akavua miwani. Akanipa siku tatu.

Siku tatu zile, mwanangu, sijapata kufurahi kazini namna ile. Mama mkwe alitangulia na mbuzi wake, mimi nyuma hatua kumi na karatasi. Akisimama, anamweleza mbuzi: hapa ukichimba kimo cha mtu unakuta maji, pale nyumba ya yule askari hufurika masika, kwenye mgongo ule wa ardhi iliyoinuka pakavu mwaka mzima. Mimi naandika. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakatufuata, wakaongeza yao, na vicheko mtaa mzima. Mashimo yote kumi na mawili yakahamia ule mgongo mkavu, upande wa chini wa mfereji na mbali nao. Safari hii mfereji niliuchora kwanza.

Vyoo vikachimbwa. Kiangazi kikaingia, wazee wakafungua maji, nasi tukashuka kwa akina bibi yako kuyapokea. Yalifika yakisukuma majani makavu, watoto wakiyakimbilia. Yalipotulia, mama mkwe akachota kibuyu, akampa binti yake, akamwambia bila kunitazama: "Mpelekee mwenye ramani. Anywe yeye kwanza."

Nikanywa chote, mwanangu, hadi tone la mwisho. Watu wakapiga vigelegele, na mwezi uliofuata nikaoa.

Juzi nimekuona unapita Olasiti na makaratasi yako, unawapangia watu mahali pa vyoo. Nimefurahi mno, nikasema huyu ni damu yangu kweli. Basi nisikilize. Usichore ulichokiona siku moja tu; uliza pakoje masika, uliza pakoje kiangazi. Anza kwa anayechota maji, maana ardhi ile anaijua kwa miguu yake. Ukikosea, nenda ukaseme mapema, hata kama unaogopa. Na kabla hujampa mtu yeyote ramani yako, shuka hadi nyumba ya mwisho kule chini, ujiulize kama maji ya pale ungeyanywa wewe kwanza.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuona na masikio ya kusikia wanaokufahamisha, na kila mlango utakaobisha, wakukaribishe maji nawe uyanywe bila hofu.