Mama Taratibu wa Ndani ya Miwani

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Waulize wanaonijua, watakwambia ulimi wangu ni pilipili. Lakini huyu mama nitamsema, tena kwa sauti, maana mwenyewe hajisemi.

Kazi yake ni kupiga deki kwenye uwanja wa ndege. Wenzake wanamwita Mama Taratibu, kwa sababu kutwa nzima neno lake ni hilo: taratibu, wanangu, sakafu imelowa. Anawaambia marubani, anawaambia wabeba mizigo, na siku waziri alipopita na msafara wake aliambiwa vilevile, naye akapunguza mwendo. Ni mfupi, ana aproni ya kijivu iliyofuliwa mpaka ikapauka, na kiatu chake cha kushoto amekitoboa ubavuni ili kidole chenye sugu kipumue. Alifiwa na mume mapema, akasomesha watoto wake kwa ndoo na dekio, lile fagio la vitambaa. Ndege hajawahi kupanda. Anasema yeye na sakafu wanaelewana, ya juu amewaachia wenyewe.

Sasa njoo kwa mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Bibie, maana kila kitu sharti kiwe atakavyo. Kikombe chake ni kilekile, kiti chake ni kilekile, njia ya kwenda dukani ni ileile, na ukiibadilisha, siku imeharibika. Ni mtu mzima, ila kazaliwa hivyo: mahali asipopajua panamtisha kama moto. Kazaliwa pia na tundu kwenye moyo. Miaka mingi tundu hilo lilikaa kimya. Kisha akaanza kuhema kwa kupanda ngazi za kibarazani tu, midomo ikawa inabadilika rangi, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba anahitaji upasuaji, upasuaji wenyewe uko ng'ambo, na tukichelewa tutajuta.

Mara ya kwanza tulishindwa mlangoni. Ile milango ya vioo ilipojifungua yenyewe, Bibie alikaa chini, akaziba masikio, akapiga kelele mpaka ndege ikatuacha. Bwana mmoja alipita akasema huyu kakosa malezi. Nilimjibu, na jibu langu halifai kuandikwa. Nikarudi nyumbani najua kwamba mdogo wangu anaweza kufa kwa sababu ya mlango.

Ndipo akatupigia simu dada wa dawati la huduma, aliyekuwa ameona yote. Alisema uwanja umeleta miwani mikubwa inayofunika macho kabisa. Ukiivaa unajiona umesimama ndani ya uwanja, ukigeuza kichwa unaona kushoto na kulia, kumbe umekaa sebuleni kwako. Uhalisia pepe, ndivyo wanavyouita. Moyoni nikasema huo ni mchezo wa watu wasio na shida. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, nikaenda kuichukua.

Siku ya kwanza Bibie aliivaa akaivua papo hapo. Siku iliyofuata aliingia mlangoni. Baada ya hapo humtoi tena humo. Kila jioni, kitini pake, anabonyeza kile kidude cha mkononi na kusogea mbele. Akaujua mlango, akaijua foleni, akaijua mashine ya kukagulia mizigo. Baada ya ukaguzi kulikuwa na kona, na kwenye kona hiyo mwanamke mwenye aproni ya kijivu ameinamia ndoo, anakamua dekio.

Hakutakiwa kuwamo. Siku ya kupiga picha za kutiwa kwenye miwani wote waliamriwa wapishe, yeye akawa anamalizia kipande chake, hakusikia. Mkubwa wa kazi alitaka afutwe pichani. Fundi wa picha akasema akimfuta yeye na ukuta utaharibika. Basi akaachwa humo, akaambulia karipio.

Bibie alipomfikia alimwamkia. Picha haiitikii, utaiambia nini? Kesho yake akamwamkia tena, na keshokutwa.

"Dada," akaniambia siku moja, "huyu mama hanijibu."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli. Nikamwambia mama ana kazi nyingi. Akafikiri, akakubali, akasema basi atajaribu tena kesho.

Siku ya safari nilikuwa nimeshika simu mbele yetu. Watu wa uwanja waliniwekea programu ndani yake, ukielekeza kamera sakafuni unaona mishale ya kijani inakuonyesha pa kupita. Bibie wala hakuitazama. Mlango, akapita. Foleni, akasimama kama wenzake. Kwenye mashine alivua mkanda na viatu kabla hajaambiwa, mpaka askari akacheka. Nikaanza kumshukuru Mungu kimyakimya. Tukafika kwenye kona, na kwenye kona hapakuwa na mtu.

Bibie akasimama. "Mama yuko wapi?"

Nilibembeleza. Nilikemea kwa kunong'ona. Nilimwambia tutamkuta mbele, uongo mtupu, naye uongo anaujua. Mshale kwenye simu ukaendelea kuonyesha mbele kama mpumbavu. Spika ikataja ndege yetu, Bibie akaziba masikio, akaanza kushuka chini polepole, na midomo ile nikaiona inageuka rangi. Nikasema leo ndiyo basi. Dada wa dawati, ambaye alikuwa akitufuata kwa mbali, alielewa kabla yangu. Akatoka mbio.

Alimkuta Mama Taratibu kwenye chumba cha wafanyakazi, anakula. Hakuuliza anaitiwa nini, aliacha kijiko kwenye sahani akaja anakimbia, yeye anayewakataza watu kukimbia. Bibie alimwangalia juu mpaka chini, hakuridhika. Ikabidi nimweleze yule mama, uso unaniwaka kwa aibu, kwamba kwenye picha ana ndoo. Mtu mwingine angetusonya. Yeye alisema tu ngojeni basi, akaifuata ndoo, akasimama pale konani, akainama, akaanza kukamua dekio ambalo lilikuwa kavu kabisa.

"Shikamoo, mama," Bibie akasema.

Mama Taratibu akainua kichwa. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nimemlea mdogo wangu tangu tulipobaki wawili, na sijawahi kuuona uso wake ukifunguka vile. "Ameitika," akaniambia. "Dada, ameitika." Akamjibu kwamba hajambo, akamuaga, akapinda kona, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa ndege, mimi nyuma nahangaika na mikoba. Nilipogeuka, yule mama bado alikuwa ameinama vilevile, anakamua, maana Bibie angeweza kutazama nyuma. Nililia, sioni haya kusema. Namshukuru mpaka leo, na hata yule fundi aliyeshindwa kumfuta namshukuru.

Tundu lilizibwa. Tulikaa huko mpaka daktari aliporidhika, kisha tukarudi. Tulipotoka na mizigo yetu nilikuwa natafuta teksi, Bibie akagoma. Alitaka kwa mama. Tuliulizia, tukamkuta kwenye ukumbi wa wanaowasili, kibao cha njano amekisimamisha, nusu ya sakafu inang'aa na nusu bado.

Hapa lazima ujue kwamba Bibie hashikwi na mtu. Mimi mwenyewe, dada yake, huniachia kiwiko tu, tena siku za sikukuu. Siku hiyo alimwamkia, akaitikiwa, kisha akauchukua mkono wa yule mama, umelowa maji ya sabuni, akaubandika kifuani mwake, juu kidogo ya mshono.

"Sikiliza," akamwambia.

Mama Taratibu akafumba macho. Abiria walitupita huku na huku na mabegi yao ya magurudumu. Kiganja hakukibandua, mpaka gauni la Bibie likalowa.

"Unapiga vizuri, mwanangu," akasema. "Unapiga vizuri sana."

Bibie hakumwachia. Nikaona hapo hakuna atakayenisikiliza mimi, na kazi ya watu imelala, nikaweka mikoba chini, nikalichukua dekio, nikaimalizia ile nusu iliyobaki.