Pa Kutupa Godoro

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya sita tangu Monari azikwe kwao Kisii, mwenye nyumba alipompigia hodi mjane wake Bonareri na kukataa kuingia. Alisimama uani, hatua nne kutoka mlangoni, ncha ya leso imeziba pua.

"Bonareri mama," alisema, "hiyo nyumba naitaka Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Na siitaki na kitu ndani. Hata kijiti cha kiberiti."

Mwenye nyumba huyo watu walimwita Min Adoyo, yaani Mama Adoyo, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mjane mwenye ploti ya vyumba sita karibu na soko la Mbita. Kwa miaka minane yeye na Bonareri walikuwa wamekaa benchi moja kanisani kila Jumamosi, wakichangia kitabu kimoja cha nyimbo. Monari, fundi cherehani, ndiye aliyemshonea sare ya kwaya. Lakini Monari alikuwa amekonda mwaka mzima, hadi mashati aliyojishonea mwenyewe yakawa yanamning'inia kama yametundikwa kwenye msumari, na alipokufa hakuna aliyehitaji daktari kumweleza. Wengine walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Wengine walisema ni ukimwi. Wote walikubaliana kwamba kitu hicho kinaambukiza.

"Nitaondoka," Bonareri alijibu. "Nina dada Kehancha."

"Vizuri. Na vitu vyake usiniachie, hasa godoro. Wala usilichomee hapa, moshi utaingia kwa wajukuu wangu. Tafuta pa kulitupa."

Chumba kilikuwa kimoja, lakini kilikuwa kimekaliwa miaka minane na fundi asiyetupa kitu. Bonareri alianza Jumanne, bintiye Joyline alipokwenda shule. Alitoa magunia mawili ya mabaki ya vitambaa, madebe ya vifungo visivyolingana, sindano zilizovunjika, magazeti yaliyokatwa patroni, chupa za dawa ambazo hazikusaidia kitu. Akakuta daftari la vipimo, majina ya nusu ya mji yakiwa mle ndani kwa mwandiko wa Monari: kiuno cha huyu, mabega ya yule. Wote hao mikono yake ilikuwa imewashika kwa utepe, na hakuna aliyekufa.

Cherehani yenyewe haikuwepo. Momanyi, shemeji yake, aliibeba siku ya tatu baada ya mazishi. Cherehani haikuonekana kuwa na ugonjwa.

Alipanga vitu mafungu mawili nje ya mlango. Kushoto takataka. Kulia vya kuhama navyo: sufuria tatu, blanketi mbili, vitabu vya Joyline vya darasa la sita, Biblia, na picha moja ya Monari kwenye fremu ya mbao, aliyopigwa Homa Bay kabla hajaanza kukohoa. Vitu vya katikati, vizuri lakini vizito, alitaka kuvigawa. Kwa kawaida mtu akihama, majirani humjia kama siafu: huyu anaomba ndoo, yule mkeka, mwingine anachungulia tu aone kama kutabaki kigoda. Safari hii hakuja mtu. Siku ya Jumatano aliweka beseni jipya, lisilo na hata mkwaruzo, kando ya njia ya sokoni. Watu wakalikwepa kutwa nzima kama mzoga. Beseni zima, Mbita, kutwa nzima bila mwizi! Jioni alilirudisha ndani, akaketi juu yake na kulia.

Ijumaa asubuhi lilibaki godoro. Alimwita Jeff wa mkokoteni, ambaye alimjua tangu akiwa kijana.

"Mama Joyline, mimi hubeba samaki ya watu," Jeff alisema akitazama magurudumu yake. "Wakisikia nimebeba hiyo, nitakula nini?"

Basi akalikunja, akalifunga kwa kamba ya katani, akajitwika kichwani. Alishuka nalo ufukoni, mahali ambapo watu walikuwa wakichoma nyavu zilizochakaa. Hakufika. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, waliinuka mmoja baada ya mwingine, na mkubwa wao akanyoosha ufagio.

"Nyar Kisii, wewe binti wa Kisii, rudi! Hapa ni chakula cha watu. Unataka tumalizike wote?"

Akapanda hadi kwenye jaa la mji, nyuma ya machinjio, pale ambapo hata mbwa aliyekufa hutupwa. Mlinzi alimsimamisha mbali. Alimwambia watoto huokota vitu pale, na kwamba akilitupa atalibeba tena kwa meno. Bonareri akageuka. Jua lilikuwa limepanda na shingo ilikuwa inamwaka. Alikuwa amezunguka mji mzima na mzigo wa aibu yake kichwani, kila mtu ameuona, na mahali pa kuutua hapakuwepo. Wazo lilimjia, wazi kabisa, la kuingia ziwani nao. Godoro lingelowa, lingekuwa zito, na lisingemwachia. Alisimama nalo wazo hilo kwa muda. Kisha akakumbuka kwamba Joyline atatoka shule saa saba na hajui funguo ziko wapi.

Kilichompeleka kwenye kituo cha afya ni bomba la moshi. Alijua kule huchomwa bandeji na sindano. Muuguzi wa zamu, mwanamke Mkuria aliyeitwa Bhoke, alimkuta ameketi kwenye ngazi, godoro limemlalia mgongoni.

"Naomba mnichomee hili," Bonareri alisema. "Mume wangu alifia juu yake."

Bhoke alilifungua. Akalibonyeza kwa kiganja, akaligeuza, akalinusa. Tangu cherehani ibebwe, hakuna mtu wa nje aliyekuwa amekigusa kitu chochote cha nyumba ile.

"Godoro hili halina shida, mama. Fua kitambaa chake, lianike. Ugonjwa haukai kwenye sponji."

"Waambie watu."

"Watu nimewaambia mpaka nimechoka." Bhoke akaketi kando yake kwenye ngazi. "Na wewe? Umelala wapi mwaka huu wote?"

"Hapo hapo. Ningelala wapi?"

"Tunaweza kupima damu. Inapelekwa Homa Bay, majibu yanarudi."

Bonareri alitikisa kichwa. "Nikishajua, nitahamia wapi?"

Muuguzi hakusisitiza. Aliingia ndani akarudi na karatasi. Alikuwa ameandika kwamba godoro lililotajwa limekaguliwa na halina madhara kwa afya ya umma, akatia sahihi, akapiga muhuri wa kituo mara mbili. Bonareri aliikunja akaiweka kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi ana kitu mkononi. Alirudi mjini kwa hatua ndefu. Angemwonyesha Min Adoyo, angewasomea wale wa omena, labda hata asihame.

Moshi aliuona kutoka barabarani.

Bonface, mlinzi wa ploti, alikuwa nje kabisa ya ua, kwenye kiwanja kitupu, anachokoa moto kwa mti mrefu. Min Adoyo alikuwa amesimama upande ambao upepo haukuelekea. Fungu la kushoto lilikuwa limeungua. Fungu la kulia pia.

"Nimekusaidia," Min Adoyo alisema haraka, kabla hajaulizwa. "Niliona umechelewa, na jua linakwenda."

Bonareri aliliacha godoro lianguke. "Yale ya kulia yalikuwa ya kuhama nayo."

"Bonface hakujua ya kulia wala ya kushoto."

"Picha ilikuwa pale. Vitabu vya mtoto."

"Bonareri, ni vitu tu..."

"Soma!" Alimsukumia karatasi usoni. "Soma hapo, ina muhuri!"

Min Adoyo alirudi nyuma, akisoma kwa mbali bila kuishika. Kisha akatazama mlango wake, ambako wajukuu watatu walikuwa wanachungulia.

"Mimi nina watoto," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Lakini leo ni Ijumaa."

Joyline aliporudi alimkuta mama yake amepiga magoti anachokoa majivu kwa mikono mitupu. Sufuria mbili zilikuwa zimepona, nyeusi tii. Ya tatu ilikuwa imepasuka. Kioo cha picha kilikuwa kimevunjika vipande, na chini yake hapakuwa na kitu. Msichana hakulia. Alivua sweta la shule, akafungia sufuria ndani yake.

Lori la omena lililokuwa linaelekea Migori liliondoka jioni. Dereva wake, Mayaka, alisikia wapakizi wakinong'ona kuhusu godoro; Bonareri akamtolea karatasi, naye akaangalia muhuri bila kusoma maneno, akasema, "Hii ni ya serikali, pandisheni." Jua lilizama wakiwa njiani. Ilikuwa mara ya kwanza Bonareri kuingia Sabato akiwa safarini, na hakuomba msamaha.

Walilala kwenye baraza ya duka Migori, na kesho yake mchana wakafika Kehancha kwa Bosibori, dada yake, aliyeolewa na mkulima wa tumbaku. Bosibori alitoka mbio, mikono imenyooshwa. Bonareri alirudi hatua moja.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ngoja nikwambie Monari alikufa na nini, ndipo unishike."

Akamwambia pale pale uani, godoro bado kichwani, Joyline akilisikia neno hilo, ukimwi, kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mama yake. Mikono ya dada yake ilishuka. Alitazama nyumba, akamtazama mumewe aliyekuwa ameketi mlangoni. Mume alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayefukuza nzi.

"Banda la kukaushia tumbaku ni tupu mpaka mavuno," Bosibori alisema hatimaye. Alikuwa analia. "Nitawaletea chakula."

Walikaa bandani miezi mitano. Mavuno yalipofika wakatolewa, na Bonareri akapata chumba nyuma ya soko la ng'ombe, akauza ndizi mbivu, hakumwambia mtu kitu. Joyline alirudia darasa la sita kwa vitabu vya kuazima. Mama yake aliishi kumwona akimaliza la nane, akafa miezi miwili baadaye. Alipozikwa, Bosibori alikuja kusafisha chumba pamoja na mpwa wake Joyline, na wakati huu aliingia ndani mwenyewe, bila leso puani, akaanza na kitanda.